Kasha la Ambari na Majina ya Bwana Mahfudhi

Weka mkono kifuani uape kwamba haya hayatatoka kinywani mwako. Umeapa? Vyema. Mimi nami niliapa, na kabla sijafika kisimani nusu ya mtaa walikuwa wameshayasikia. Basi sogea.

Palikuwa na Sultani Nasibu, mwenye mji wa Kandawira, na katika mji huo palikuwa na chama cha wauza manukato, na chama kilikuwa na kasha la ambari, na ndani ya kasha alifungwa jini, jina lake Kafurani, alilinde kwa mujibu wa katiba ya chama, neno kwa neno. Kasha lilifunguliwa Alhamisi tu, kwa dua ya chama, na ufunguo aliushika Mwanakheri, binti yatima, yule aliyekuja kuolewa na mwana wa waziri akaogelea katika mali. Hayo kila mtu anayajua. Mimi nakupa yaliyofichwa.

Ambari ikawa inapungua. Bwana Mahfudhi, mkuu wa chama, kanzu yake ikinukia kuliko bibi arusi, akasema, "Ewe maulana, mwenye ufunguo ndiye mwizi." Sultani akahukumu: ikifika Ijumaa hajapatikana mwizi mwingine, binti afukuzwe mjini.

Mwanakheri akaliinamia kasha. "Mlinzi gani wewe, usiyekamata?"

Jini akaugua. "Bibi mdogo, nimeamriwa kuukamata mkono wa mkuu na wa mwanachama, ukiiba. Lakini mbele huko katiba yataja msimamizi, na mbele zaidi mlezi, na hao sikuamriwa. Kuna mtu hunambia, 'Leo mimi msimamizi.' Alhamisi nyingine, 'Mimi mlezi.' Kumtaja sina ruhusa."

Binti akaenda kuwauliza wauza manukato. "Mkuu wenu nani?"

"Bwana Mahfudhi."

"Na msimamizi?"

"Huyo huyo."

"Na mlezi?"

Wakaangua kicheko. "We mtoto, una homa? Si yeye huyo huyo!"

"Mbona basi majina matatu?"

"Wazee wetu walipenda mapambo. Kurudia neno moja waliona ni umaskini."

Mwanakheri akapiga magoti kwa Sultani. "Maulana, ombi langu ni moja: katiba iandikwe upya, mtu mmoja jina moja, tangu mwanzo hata mwisho."

Bwana Mahfudhi akacheka. "Apewe, maulana! Maneno tu hayo." Na mhuri akaugonga mwenyewe.

Alhamisi Sultani akahudhuria, na kasha likafunguliwa, na watu wakainamisha vichwa kwa dua, mara ukasikika ukelele. Mkono wa Bwana Mahfudhi umo kashani hata kiwikoni, umebanwa.

"Niache! Mimi msimamizi!"

"Simjui," akajibu jini.

"Mlezi basi!"

"Katika katiba hayumo."

"Ni mimi, mpumbavu we, mkuu wa chama!"

"Ahaa," akasema Kafurani, akizidi kukaza. "Huyo ndiye niliyekuwa nikimngoja."

Na Sultani, kwa kuwa dua ilikuwa haijafungwa, akainua viganja, akasema, "Amina."