Mwalimu Kamusi na Asili ya Mwenzi

Wahenga walionya kwamba akili nyingi huondoa maarifa: mtu aweza kujua kila kitu isipokuwa kile alichokikalia. Bahati mbaya, walikufa kabla ya kukutana na Mwalimu Kamusi.

Mwalimu huyo wa Kiingereza alikuwa mkavu kama chaki. Kila siku saa nne, wenzake walipokata mkate wao wa pamoja katika chumba cha walimu na kucheka hadi madirisha yakatetemeka, yeye alijifungia maktabani. Hawakumwita tena, kwani mara ya mwisho alisahihisha mzaha wa mwalimu mkuu kabla haujafika mwisho. Aliyebaki kumwita ni karani wa shule, mama mwenye subira ya Ayubu. Nyumbani Kamusi alizungumza na birika, nalo lilimjibu kwa mvuke. Moyoni alitamani mtu wa kumwuliza tu, "Umeamkaje?"

Ijumaa moja karani alichungulia mlangoni.

"Mwalimu, nimehamishwa. Leo ndio mwisho wangu hapa, na gari linakuja kunichukua saa tano. Njoo basi tule mkate, hata kipande."

"Dakika moja, mama. Nachimbua asili ya neno companion. Limetoka Kilatini: com, yaani pamoja, panis, yaani mkate. Kumbe mwenzi ni yule unayekula naye mkate! Ajabu, sivyo?"

"Ajabu kweli," karani alisema, akimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Sasa unakuja?"

"Nikimaliza. Neno bado liko Ufaransa, halijavuka kuingia Uingereza."

"Haya, baba. Likivuka, lisalimie."

Kamusi aliandika mbio mbio hadi neno likavuka salama. Alipoweka nukta ya mwisho, moyo ulimdunda. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa na jambo la kumsimulia mtu, na alimjua mtu mwenyewe: karani. Alitoka mbio, karatasi mkononi, shati limechomoka.

Walimu walikuwa wamekwisha kwenda madarasani. Langoni, vumbi la gari lilikuwa likitua. Katika chumba cha walimu, mezani palibaki kipande kimoja cha mkate, kimefunikwa kwa kisahani ili kisikauke.

Alikitafuna polepole. Kisha akavisomea viti vinane ukurasa mzima, kwa sauti. Viti vilisikiliza kwa adabu zote. Hata kimoja hakikuuliza swali.

Hakika, akili nyingi huondoa maarifa.