Kanda ya Mwenyewe

Hapo zamani, wala msiende mbali kwenye majini na masultani, zamani hizi za juzi tu, wakati nyumba isiyokuwa na penseli ya kurudishia kanda ilihesabiwa haina starehe, palikuwa na fundi mmoja Tanga, Barabara ya Tisa, jina lake Mwinjuma. Kazi yake ilikuwa kurekodi. Kikundi cha taarabu kikipiga mahali, Mwinjuma yuko mbele na redio kaseti yake. Ukitaka nyimbo hizo, unampelekea kanda tupu, kesho unakuja kuichukua imejaa. Lakini ile kanda ya kwanza, mama wa nyingine zote, alibaki nayo yeye. Zikafika kanda mia tatu na kumi na mbili, zimepangwa kwenye kabati la vioo.

Mwinjuma huyu alikuwa na wake wawili, na mume wa wake wawili asipojifunza kusema hujifunza kukimbia. Yeye alijifunza neno moja. Jina la mke huyu hakulitaja mbele ya yule, wala la yule mbele ya huyu. Alisema "mwenyewe", basi. Akiwa kwa Bi Mwanamvua, mke mkubwa, akiulizwa samaki wapikwe vipi, atasema muulizeni mwenyewe. Akiwa kwa Bi Sikudhani, mke mdogo, akiletewa mzigo, atasema mpeni mwenyewe. Kila mke akajua kuwa mwenyewe ni yeye, akatulia. Na dukani, mteja akitaka nyimbo za Bi Saumu, yule mwimbaji aliyeutia mji wazimu, Mwinjuma alikuwa akijibu kwamba hizo harekodi mpaka mwenyewe aseme. Neno hilo lilimsitiri miaka thelathini.

Sasa tumtazame Bi Mwanamvua, maana hadithi hii inamwasha yeye kuliko wote.

Bi Mwanamvua aliolewa na Mwinjuma wakati Mwinjuma hana kitu ila bisibisi. Mkononi alikuwa na bangili nne za dhahabu alizovishwa na mama yake siku ya harusi. Hakuombwa na mtu. Alizivua, akampa mumewe, akamwambia akanunue redio kaseti ya deki mbili, aanze kazi. Tangu siku hiyo akienda kwenye shughuli za wanawake mkono wake aliuficha ndani ya kanga. Hilo halikumuuma. Lililomuuma ni kwamba redio iliyotokana na bangili zake ilikuwa ikitoa sauti ya mwanamke mwingine.

Maana kila siku baada ya alasiri Mwinjuma alikaa barazani akaweka kanda moja, ile ile. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa Bi Saumu, wimbo mrefu wa kujaza pande zote mbili, ambao aliuimba mara moja tu, harusini Pangani, na hakuurudia tena. Mwinjuma alikuwa akiusikiliza amefumba macho. Mtaa una mdomo, na mdomo wa mtaa ulisema wimbo ule uliimbwa kwa ajili ya fundi. Mwinjuma alipoulizwa na mkewe alisema ni wimbo tu. Bi Mwanamvua akajisemea moyoni: mbona akila wali wangu hafumbi macho?

Sitampamba. Alikuwa na wivu, na si ule wa kununa siku mbili ukapita. Aliuchukia wimbo, akamchukia mwimbaji, akafika mahali pa kuichukia hata meza iliyowekewa redio. Na balaa ni kwamba wimbo wenyewe aliujua wote, neno kwa neno, kwa kusikilizishwa.

Ijumaa moja mumewe alipokwenda msikitini, aliitoa ile kanda. Mwinjuma alikuwa amevivunja vile vifuniko vidogo vya mgongoni, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Lakini mke wa fundi ni nusu fundi. Alimwona mumewe mara ngapi sijui akiziba kitobo kwa plasta pale anapotaka kuitumia kanda upya. Naye akakata kipande cha plasta, akaziba, akaitia kanda kwenye redio, akabonyeza kitufe chekundu. Redio akaiweka dirishani jikoni, akaketi kwenye mbuzi, akakuna nazi mpaka kitufe kikaruka. Akabandua plasta, akairudisha kanda mahali pake. Kwa hasira aliyokuwa nayo alisahau kitu ambacho hata mtoto wa jirani anakijua, kwamba kanda ina upande wa pili.

Alasiri Mwinjuma akaketi, akaweka kanda, akafumba macho. Bi Mwanamvua alikuwa nyuma ya pazia anangoja dhoruba. Ikatoka sauti ya nazi. Kwaru, kwaru, kwaru. Mwinjuma akafumbua macho. Kule nyuma ya pazia Bi Mwanamvua alifikiwa na kwaru kwaru tu. Mwinjuma hakuizima. Aliisikiliza ile nazi mpaka ikaisha, nusu saa nzima, kisha akaichomoa kanda, akaitia mfukoni, akauliza kama chai ipo.

Hakusema lolote siku ile, wala kesho yake, wala miaka iliyofuata. Kanda haikuonekana tena barazani. Bi Mwanamvua kwanza akafurahi. Baadaye wivu ukamrudia kwa mlango mwingine: kama haisikilizi hapa, anaisikilizia wapi?

Tuje kwa Bi Sikudhani, mke mdogo. Huyu taarabu haikumhusu sana, alikuwa mtu wa kazi na mpangilio. Masika moja maji yakaingia dukani, kabati lote likalowa. Mwinjuma aliketi kizingitini ameshika kichwa. Bi Mwanamvua alipopata habari alisema kweli yake, kwamba zikioza nyumba itapumua. Bi Sikudhani yeye akashika kazi. Alizifungua kanda moja moja, akazungusha utepe kwa penseli, akaufuta kwa kanga kuukuu iliyolainika, akazianika kivulini juu ya mkeka. Siku arobaini. Vidole vikaota sugu. Palipokatika utepe aliunga kwa kipande cha selotepu alichokikata kwa wembe. Siku moja mumewe akamletea kanda moja kutoka mfukoni, imekatika katikati, akamwambia aiunge vizuri, ni ya mwenyewe. Bi Sikudhani akaiunga kuliko zote. Hakuthubutu kuipiga. Kwake ilitosha kujua kuwa mwenyewe ni yeye.

Miaka ikaenda. Simu zikaingia mjini, muziki ukahamia viganjani, watu wakatupa redio zao jalalani. Mwinjuma akaugua. Siku yake ya mwisho wake zake wote wawili walikuwa kando ya kitanda, na Bi Saumu alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa, amekaa mlangoni. Bi Saumu naye hakuwa yule wa zamani. Alipasuliwa koo, na tangu apasuliwe alikuwa akisema kwa mkwaruzo, kuimba ndiyo basi. Mwinjuma akawatazama wote, akasema:

"Kanda zangu zisiuzwe wala zisitolewe, mpaka mwenyewe aseme."

Akafa. Neno lilelile lililomsitiri maisha yake yote, akawaachia wao.

Hakuacha mtoto. Ndugu yake alichukua mashine na vyombo vya dukani, akasema kanda hazitaki, kina mama waamue. Eda ilipokwisha akaja mnunuzi kutoka Mombasa, Bwana Nassor, mtu mzima mwenye adabu, anayekusanya nyimbo za kale. Akawaamkia, akafungua kabati, akanusa. Akawaambia ukungu umeshaanza, masika mengine mawili watabaki na plastiki. Yeye ana mashine ya kuzisafisha. Lakini anachukua zote au hachukui hata moja, kwa sababu nyimbo moja moja zimejaa kila mahali, ila mkusanyo mzima wa fundi mmoja hajauona popote. Akauliza ni nani wa kusema naye.

Bi Mwanamvua akasema ni yeye, na kanda ziuzwe leo. Bi Sikudhani akasema ni yeye, na kanda hazitoki. Wakampelekea habari Bi Saumu, akaja na mkongojo wake, akasema kwa ule mkwaruzo kwamba kama mwenyewe ni mwenye sauti basi ni yeye, na zikikaa zitakufa, bora ziuzwe. Bi Mwanamvua aliposikia matakwa yake yanatoka kinywani mwa Bi Saumu, akayaona yamechacha. Lakini alikwisha kusema.

Bwana Nassor akaomba azijaribu chache kwenye redio aliyokuja nayo. Akapiga ya kwanza, njema. Ya pili, njema. Ya tatu aliitoa nyuma kabisa ya kabati, na juu ya kasha lake pameandikwa kwa mkono wa marehemu: Ya mwenyewe.

Wanawake watatu wakavuta viti karibu.

Kwaru, kwaru, kwaru. Bi Mwanamvua akaijua nazi yake. Kisha pakatoka jambo asilolijua. Katikati ya kwaru kwaru, mwanamke anaimba. Anaimba kwa chini, kama mtu aliyezama kazini asiyejua kuwa anaimba, na wimbo anaouimba ni uleule wa Bi Saumu. Siku ile ya kuufuta alikuwa akiuimba mwenyewe. Katikati ya wimbo redio ikafanya tak, utepe ukapita penye kiungo cha Bi Sikudhani, na sauti ikaendelea mpaka mwisho. Bwana Nassor akaigeuza. Upande wa pili akatoka Bi Saumu, msichana, koo zima, ule wimbo ulioimbwa mara moja tu. Nao ulipofika katikati ukafanya tak, ukaendelea.

Bi Saumu alikuwa akilia bila sauti. Bi Mwanamvua akageuka mtu mwingine palepale. Akasema kanda haziuzwi. Miaka yote alidhani mumewe anakwenda kumsikiliza mwanamke wa nje, kumbe alikuwa anamsikiliza yeye anakuna nazi.

"Fundi hakosei lebo," alisema. "Angetaka wimbo angeandika jina la wimbo. Aliandika mwenyewe. Mwenyewe nani kama si mimi? Redio yenyewe ni bangili za mama yangu."

Na hapo Bi Sikudhani, aliyetaka zikae, akasema ziuzwe sasa hivi, zisilale humu. Kwa miaka kumi na mmoja aliamini kanda ile ni yake. Leo amesikia nazi ya mke mwenzie, amesikia wimbo wa Bi Saumu, yeye hamo hata kwa kikohozi.

"Na mimi ni ile tak," alisema. "Nyie mnasikika kwa sababu yangu. Da Mwanamvua, wewe ulitaka zioze. Mkono uliomwokoa mtoto ndio wa mama, na mimi nasema ziende."

Bi Saumu akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akasema kanda nyingine wafanye watakavyo, ile apewe yeye, haendi nayo Mombasa mtu wala haibaki kabatini.

"Hata huyo aliyekuwa akikuna nazi, wimbo aliouimba ni wangu," alisema. "Nyinyi mna mume wa kumkumbuka. Mimi sauti yangu imo mle, humu kooni haimo tena."

Bwana Nassor akaona biashara inazama. Akasema ile kanda ndiyo roho ya mkusanyo, bila hiyo hachukui. Lakini atamtolea kila mmoja nakala, safi, haina ukungu wala tak, wasikilize mpaka wachoke. Kwa mara ya kwanza siku ile wanawake wale watatu wakawa kitu kimoja. Bi Mwanamvua ndiye aliyewasemea.

"Mwenyewe hapewi nakala."

Mnunuzi akafunga redio yake. Akawaambia kesho saa nne anaondoka, na atakayempa neno ni mmoja, kwani marehemu alisema mwenyewe, hakusema wenyewe. Akatoka. Wakabaki watatu na lile kasha mezani, kila mmoja ameliwekea kidole, hakuna anayevuta na hakuna anayeachia. Bi Mwanamvua alikuwa na swali moja tu linalomchoma, nalo si la kanda: alipokuwa akimtazama mumewe nyuma ya pazia, anasikiliza nazi nusu saa nzima, alikuwa anamsikiliza mkewe, au alikuwa anangoja wimbo utokee?

Basi jamani, mmekunywa kahawa yangu, semeni. Msiniambie zigawanywe, mkusanyo ukigawanywa hakuna mnunuzi na kabati likibaki kuna ukungu. Msiniambie aulizwe marehemu. Kuna aliyetoa bangili, kisha akafuta nusu ya wimbo, na kwa kufuta akaimba. Kuna aliyeunga, naye haimo sauti yake. Kuna aliyeimba, naye hakuolewa na mtu wa nyumba ile. Kesho saa nne mmoja wao atafungua mdomo, na wawili watanyamaza mpaka kaburini.

Je, mwenyewe ni nani?