Fimbo ya Nyati na Gamba la Konokono

Ngano hii nilisimuliwa na shangazi yangu, Nambua, siku niliyokwenda kumsaidia kupukuchua mahindi. Shangazi hasimulii kwa haraka. Anamaliza gunzi moja, anasema maneno mawili, anachukua gunzi jingine. Nami nitajaribu kufuata mwendo wake. Wakubwa sogeeni, wadogo kaeni mbele.

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na ndiva yao mlimani, palitokea kiangazi kirefu. Ndiva mnaijua? Ni bwawa la kukinga maji ya kijito. Usiku maji yanaingia, yanajaa. Asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanashuka chini kwenye majani na mizizi. Wanyama wote wa mlima ule walikunywa hapo. Kwingine kote kulikuwa kukavu. Chini bondeni vumbi, juu kileleni mawe.

Ndiva ile ilikuwa imejaa tope. Mwaka huu tope, mwaka ujao tope, mpaka maji yakakosa mahali pa kukaa. Ikabidi wanyama waitane kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo hakuna anayelipwa na hakuna anayekosa.

Lakini kila mwaka msaragambo ulileta maneno. Wakubwa walisema wadogo wanakuja kutazama tu. Wadogo walisema wakubwa wanakunywa nusu ya bwawa. Na Ngiri, ambaye ndiye aliyekuwa akiita majina, alikuwa na desturi yake. Aliita hivi: Nyati mmoja. Pundamilia mmoja. Ngiri mmoja. Na hao wengine.

Kwale alikuwa katika hao wengine. Fuko naye alikuwa katika hao wengine.

Basi mwaka ule Nyati akasimama. Nyati hakuwa mnyama mbaya, msimfikirie vibaya. Alikuwa mzito wa mwili na mnyofu wa moyo, na maneno ya kila mwaka yalikuwa yamemchosha. Akasema kwamba safari hii hakuna upendeleo. Kila mnyama ataitwa jina lake. Kila mnyama atapewa sehemu yake ya tope. Sehemu zote zitakuwa sawa. Atakayemaliza atakunywa. Ambaye hajamaliza atasubiri nyuma ya mstari utakaochorwa mbele ya maji, mpaka amalize.

Wakauliza, sehemu zitapimwa kwa nini?

Nyati akapiga hatua moja. Tifu. Ngiri akakata fimbo yenye urefu wa hatua ile. Fimbo moja urefu, fimbo moja upana, na chini mpaka ufikie jiwe. Hiyo ndiyo sehemu ya mnyama mmoja.

Wanyama wakafurahi. Wakaimba:

Fimbo moja, kazi moja,
mimi na wewe tu sawa.
Fimbo moja, kazi moja,
mimi na wewe tu sawa.

Na aliyeimba kwa sauti kuliko wote alikuwa nani? Alikuwa Kwale. Ndiyo, Kwale mwenyewe, na vifaranga wake wanne wakimfuata nyuma. Kwa sababu Ngiri alipoita majina siku ile, aliita: Nyati mmoja. Ngiri mmoja. Fuko mmoja. Kwale mmoja. Kwale alisikia jina lake likitajwa mbele ya wote, manyoya ya shingo yakamsimama kwa furaha. Hakuitazama fimbo. Alilisikiliza jina.

Kazi ikaanza.

Nyati aliingiza pembe, akainua tope, pwata, akalitupa nje. Pwata. Pwata. Jua halijawa kali, amemaliza. Akaenda kisimani. Pembeni ya ndiva walikuwa wamechimba kisima kidogo cha kupitishia maji ya kijito wakati kazi ikiendelea, na mlinzi wake alikuwa Bibi Kobe. Nyati akanywa. Akanywa, akanywa, akapumzika, akanywa tena.

Ngiri alisukuma tope kwa pua na meno. Mchana amemaliza. Akanywa.

Fuko akaingia chini ya ardhi, maana huko ndiko anakojua. Ngiri akampigia kelele atoke. Akamwambia kwamba kazi isiyoonekana haihesabiwi, achimbe juu kama wenzake. Fuko akatoka juani. Macho yake ni madogo kama punje ya ulezi, na jua lilikuwa kali. Akagonga jiwe. Akageuka, akagonga jiwe jingine. Mpaka jioni alikuwa amechimba mashimo matatu, na mawili yalikuwa katika sehemu ya Pundamilia.

Kwale alikwaruza kwa kucha. Kwaru, kwaru, kwaru. Akibeba tope kwa mdomo, alibeba la kutosha kufunika jicho lake. Akapanda nalo ukutani, akalimwaga, akashuka. Kwaru, kwaru, kwaru. Jua likazama. Pale alipokuwa amesafisha palitosha jani moja la gimbi.

Vifaranga wakalala nyuma ya mstari. Asubuhi walilamba umande kwenye nyasi. Lakini umande wa kiangazi ni wa kudanganyia ulimi tu.

Siku ya pili, kwaru, kwaru. Majani mawili ya gimbi.

Siku hiyo Ngiri alikuja akasimama juu yake, ameshiba maji, tumbo linasema chubwi, chubwi. Akamshauri kwa kicheko. Akamwambia aseme tu kwamba hawezi. Akisema hawezi atafutwa katika orodha, arudi kwa hao wengine, na jioni wakubwa wakiondoka ataruhusiwa kunywa kwenye nyayo zao. Akamwambia nyayo za Nyati ni kubwa, vifaranga wanaweza hata kuoga.

Kwale aliendelea kukwaruza. Lakini maneno yale yalimwingia. Mbele yake palikuwa na njia mbili, na zote zilimuuma. Akisema hawezi, watoto watakunywa leo, lakini hatahesabiwa tena, wala yeye wala watoto wake watakapokuwa wakubwa. Akinyamaza, atahesabiwa, lakini je, watoto watafika ukubwani?

Siku ya tatu asubuhi aliwaita vifaranga. Watatu walisimama. Wa nne, yule mdogo, alifungua jicho moja, akalifumba.

Kwale akaacha tope. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Nyati, mbele ya wanyama wote, akiwa na damu kwenye kucha.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba, Mama Kwale. Umemaliza?"

"Sijamaliza. Nimekuja kuuliza habari ya sheria. Sheria yetu ni sawa kwa wote?"

"Ni sawa kwa wote. Fimbo ni moja."

"Basi naomba iwe sawa mpaka mwisho wake. Kazi tumeipima kwa hatua yako. Maji tuyapime kwa mdomo wangu."

Wanyama wakacheka. Ngiri alicheka mpaka akakaa chini. Pundamilia akauliza mdomo wa Kwale unaingia maji kiasi gani, tone moja au nusu tone.

Kwale alikuwa ameokota gamba tupu la konokono njiani. Akaliweka chini mbele ya Nyati. Akasema mdomo wake ukijaa, ndio huo. Gamba moja asubuhi, gamba moja jioni, kwa kila mnyama aliyemaliza kazi. Hakuna upendeleo.

Nyati akaligeukia lile gamba. Akamgeukia Bibi Kobe, maana maji yalikuwa mikononi mwake. Bibi Kobe akavuta shingo ndani, akaitoa. Kisha akasema kwamba yeye haoni kosa. Kipimo cha kwanza kimeazimwa kwenye mwili wa mmoja wao. Kipimo cha pili nacho kimeazimwa kwenye mwili wa mmoja wao. Kama cha kwanza ni haki, cha pili nacho ni haki. Kama cha pili ni mzaha, basi waulizane kuhusu cha kwanza.

Kicheko kikapungua.

Nyati, kama nilivyosema, alikuwa mnyofu. Angeweza kulikanyaga lile gamba likawa unga. Hakulikanyaga. Akasema sheria haina upande, na iwe hivyo.

Bibi Kobe akachota gamba moja, akammiminia Nyati kwenye ulimi. Nyati akafunga mdomo. Akafungua. Hakujua kama amemeza maji au amemeza mate yake. Akasubiri labda kuna jingine. Halikuwapo jingine.

Jua likapanda. Saa nne pua yake ilikauka. Saa sita ulimi ukanata juu ya kinywa. Alikwenda kivulini, akarudi. Alisikia maji ya kisima yakisema bubu, bubu, bubu, na hakuweza kusikia kitu kingine. Akamwomba Bibi Kobe gamba la pili. Bibi Kobe akamwambia kwa upole kwamba jioni bado.

Ngiri alikuwa amelala ubavu, hacheki tena.

Mchana ule Nyati akatoka, akatembea mpaka kwenye sehemu ya Kwale. Kwale alikuwa amerudi kazini. Kwaru, kwaru. Nyati alisimama hapo muda mrefu. Aliona kucha. Aliona pale palipokwaruzwa, sasa pametosha majani matatu ya gimbi na kidogo. Aliona na ile fimbo, imelazwa ukingoni, na kwa mara ya kwanza aliona ilivyo ndefu.

Akasema, "Mama Kwale, mimi ninaweza kubeba tope. Wewe unaweza nini?"

Kwale akaacha kukwaruza. Hakuwahi kuulizwa hivyo.

Kisha akasema kwamba katika kuta za ndiva kuna mbegu za magugu na funza wa udongo. Magugu yakiota, mizizi inapasua ukuta. Funza wakizaana, ukuta unakuwa kama chekecheke. Yeye anaweza kuvitoa vyote, kimoja kimoja, kuzunguka ndiva nzima. Hiyo ndiyo kazi ya kucha zake. Na Fuko, akasema, mngemwacha huko chini, angezibua tundu la maji kwa ndani, mahali ambapo pembe haipiti.

Nyati akatikisa kichwa polepole, akikubali. Ndipo akamwona yule kifaranga mdogo chini ya unyasi, jicho moja wazi.

"Na huyu? Huyu anaweza nini?"

Kwale akamtazama mwanawe. Angeweza kusema uongo. Angeweza kusema huyu naye anatoa funza. Hakusema hivyo.

"Huyu, kwa sasa, anaweza kuona kiu tu."

Nyati akajaribu kumeza mate, na mate hayakuwapo.

"Hata mimi," akasema.

Akainamisha kichwa mpaka chini, kidevu kikagusa vumbi. Kifaranga akapanda juu ya pua yake, kidogo kidogo. Nyati akatembea naye polepole mpaka kisimani, akavuka mstari, na nyuma yake akaja Kwale na wale watatu. Bibi Kobe akasogea pembeni. Kifaranga akashusha mdomo majini, akainua kichwa juu kama ndege wanavyofanya, maji yakateremka kooni. Akarudia. Akarudia. Akafungua jicho la pili.

Baada yake wakanywa wengine, kila mmoja kwa kiu yake. Nyati alikunywa mwisho, na alikunywa sana, na Kwale hakusema neno.

Fimbo ile waliifanya kuni. Kazi wakagawana upya, kila mmoja akiulizwa. Fuko akashuka chini ya ardhi, na kesho yake maji yakatoka tunduni, shwaa, bila kukwama. Kwale akazunguka kuta. Ngiri akaendelea kuita majina, maana sauti alikuwa nayo, lakini sasa aliita mpaka jina la mwisho, hata kama jua lilikuwa limechomoza zamani.

Mafunzo yake, wasikilizaji wangu, ni haya. Kufanana si usawa. Ukimpima kila mtu kwa hatua yako, umejipima wewe peke yako. Kazi mwulize mtu uwezo wake, maji mpe kwa kiu yake, na jina lake liite, hata kama leo hana la kuongeza. Kiu haina mkubwa wala mdogo.

Hapo ngano yangu imefika ukingoni, nami sivuki zaidi. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu nirudishieni.

Shangazi Nambua alimaliza pamoja na gunzi la mwisho, akakung'uta khanga yake. Kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya msaragambo wa mfereji wetu. Nilimfunga mtoto wangu mgongoni, nikachukua jembe, lakini sikushuka moja kwa moja. Nilipita kwanza kwa jirani yangu, Bi Kadeghe, ambaye macho yamempotea miaka mingi, na ambaye siku za kazi sisi huwa tunalipita geti lake kimya kimya tukidhani tunamhurumia. Nilibisha hodi. Nikamwamkia. Halafu nikamwuliza leo angependa kushika kazi gani. Akafikiri. Akasema anaweza kusuka upya vikapu vya kubebea tope vilivyokatika, hata usiku anasuka. Kisha akaniambia nimsubiri abadilishe viatu.

Tukateremka taratibu, yeye ameshika bega langu. Tulifika wa mwisho, tukaanza kazi.