Watatu Walioitwa Namba Moja

Leo sina habari za mkulima na shamba lake. Mkulima mmemzoea, nikimtaja tu wengine mnaanza kusinzia. Leo nina mhandisi, mwanamke mmoja aliyebuni bodi ya umeme. Zile bodi nyembamba za kijani mnazoziona redio ikifunguliwa, ndizo hizo. Katikati alibandika chipu ndogo kama ukucha, ndiyo inayopiga hesabu na kutoa amri. Pembeni akaacha nafasi tatu za kuchomeka bodi nyingine ndogo, za mafundi wengine, kila moja na kazi yake.

Kazi gani? Zahanati moja huko kwenye baridi ilikuwa inapoteza watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Walitaka kitanda cha joto. Basi fundi wa kwanza akaleta bodi ya kupima joto la mtoto, wa pili akaleta ya kupima pumzi, wa tatu ya kupima unyevu wa hewa. Mafundi hodari wote, sikatai.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye mambo. Bodi hizo ndogo zinaongea na bodi kuu kupitia nyaya zilezile. Kwa hiyo kila moja lazima iwe na namba yake. Bodi kuu ikiita namba mbili, namba mbili inajibu, nyingine kimya. Fundi wa joto alikuja na namba moja. Wa pumzi naye, moja. Na wa unyevu je? Mnacheka. Moja!

Mhandisi akawaambia, "Jamani, wawili kati yenu wabadilishe. Ni tone la risasi ya kuchomelea tu, chai yenyewe haitapoa."

"Nibadilishe mimi?" akasema wa joto. "Bila joto kuna mtoto hapo?"

"Na bila pumzi je?" akadakia wa pili. "Siku ya uzinduzi mgeni rasmi atasoma namba usoni pa bodi. Anikute mimi nyuma ya huyu?"

Wa tatu akaanza kukunja nyaya zake aondoke.

Mhandisi akaingiwa na hofu. "Basi, basi, yaishe. Kila mtu abaki na moja yake." Akaijaribu kila bodi peke yake, zote zikafanya kazi safi. Siku ya uzinduzi vigelegele vikapigwa, na picha juu. Nanyi mnasema moyoni, alileta amani huyu dada. Amani gani? Aliogopa kununiwa, woga wake akauita amani.

Akazaliwa mtoto wa kike kabla ya miezi yake, mtoto wa kwanza wa mama ambaye mawifi zake walishamwita tasa. Akalazwa kwenye kitanda kile. Muuguzi akachomeka bodi zote tatu, akaona taa ya kijani, akaenda kwa mzazi mwingine. Bodi kuu ikaita: namba moja, joto likoje? Zikajibu tatu kwa mpigo mmoja. Katika makelele yale ikaokota tarakimu isiyo na maana, ikadhani mtoto ana joto la kutosha. Ikazima hita. Muuguzi aliporudi, mwili wa mtoto ulikuwa umeshapoa.

Baada ya maziko yule mama akawafuata karakanani. Hakulia, hakutukana. Aliuliza tu, "Nimeambiwa kitanda kiliita namba moja. Namba moja ni nani kati yenu?"

Wa joto akatazama chini. "Mama, mimi kusema kweli nilikuwa wa tatu."

"Mimi ndiye wa mwisho kabisa," akasema wa pumzi.

"Mimi nilikuwa nasaidia tu," akasema wa unyevu.

Mama akamgeukia mhandisi. "Na wewe, dada yangu?"

"Mimi niliwaachia wenyewe."

Msiseme amina. Nani kawaambia mseme amina? Tunamsema nani hapa kama si sisi? Nyuma ya kanisa hili kuna mjane ambaye upepo uliezua paa lake tangu Pasaka. Kwaya kuu inasema itaezeka ikitangazwa ya kwanza. Kwaya ya vijana inasema bila wao hakuna wa kupanda juu ya nyumba. Wazee wanasema hakuna kuanza kabla yao. Kila kundi peke yake ni zuri, mkiimba mnanitoa machozi. Lakini mvua imenyesha wiki nzima, na yule bibi analala amejifunika turubai, anakohoa. Tulichotakiwa kusema ni neno dogo tu: haya, mimi niwe wa pili. Limetushinda! Tutalisema lini? Siku ya kumzika?

Bibi mwenyewe yuko humu, ameketi benchi la nyuma. Hebu nimwite aje mbele, awaulize kwa kinywa chake namba moja ni nani.

Mbona mnatazama chini?