Ukurasa Uliojaza Maktaba

Profesa Mwaisumo, makamu mkuu wa chuo, alikuwa amegundua kipimo cha ufanisi wa maktaba: idadi ya wanaoingia ukigawanya kwa idadi ya viti. Hesabu nzito namna hiyo ilimchukua miezi minane tu na safari nne za nje.

"Viti mia tatu, wasomaji arobaini," alimwambia Bi Mwanakheri, mkutubi. "Jumatatu nitahesabu mwenyewe mlangoni. Mambo yakiwa hivi hivi, ukumbi huu utakuwa wa tafrija za wageni wangu."

Bi Mwanakheri aliwafikiria wale arobaini, ambao hawakuwa na pengine pa kusomea. "Sawa, Profesa. Kipimo chako hakina kasoro."

Jumatatu foleni ilifika hadi kantini. Profesa alihesabu mpaka mia sita, akachoka.

"Wanasoma nini hawa?"

"Ukurasa mmoja tu, Profesa. Watu mia sita kwa karatasi moja. Ufanisi ulioje."

Profesa alijipenyeza hadi kwenye ubao wa matangazo. Palikuwa pamebandikwa orodha ya wakubwa wa chuo ambao hawajarudisha vitabu vya maktaba. Jina lake liliongoza: vitabu thelathini na kimoja, miaka kumi na tisa.

"Bandua hii," alinong'ona.

"Nikiibandua wasomaji watapungua, na ukumbi utachukuliwa," Bi Mwanakheri alisema kwa unyenyekevu. "Labda ukishasaini ripoti kwamba maktaba ibaki."

Profesa alipapasa mifuko akitafuta kalamu. Bi Mwanakheri alikuwa amekwisha kumnyooshea yake.