Hondohondo Aliyemlisha Kenge

Paukwa!

— Pakawa!

Hao ni watoto peke yao. Na baba zao je, mmemeza ndimi? Paukwa tena!

— Pakawa!

Haya, sasa nimesikia na sauti nene.

Hapo kale, kale ya zamani, ndege walipokuwa na majirani wa kuwasengenya kama sisi, alikuwako Hondohondo. Mdomo wake mkubwa. Sauti yake kubwa. Ahadi zake kubwa kuliko vyote viwili. Mkewe aliitwa Mwanakombo.

Mnajua hondohondo wanavyolea? Mke huingia katika tundu la mti. Mume huleta udongo wa mtoni, wakaziba mlango wote, wakaacha ufa mwembamba tu wa kupitisha mdomo. Humo ndani mke hutaga, huatamia. Manyoya yake humpukutika, hata kuruka hawezi. Anachokula ni kile anacholetewa na mumewe.

"Baba watoto," Mwanakombo akauliza udongo ulipokuwa bado mbichi, "utaniletea kweli?"

"Mimi tena! Asubuhi na jioni, mpaka useme basi!"

Akaleta. Kutwa akaleta, juma zima akaleta. Kisha siku moja akachoka, akashika njia ya mkato, akapita chini ya mng'ongo.

Jamani, mng'ongo ule! Ng'ongo, matunda yake, zimeanguka, zimelala juani, zimechacha, zinatoa povu. Nyani na genge lake wamekaa duara, macho mekundu, wanacheka pasipo na cha kuchekesha.

"Shemeji! Onja moja tu!"

Akaonja moja. Akaonja ya pili ili ya kwanza isione upweke. Ya tatu sijui aliisingizia nini.

Akaondoka na panzi mdomoni, huyooo, anapepesuka angani, mara kushoto, mara kulia. Mti wake ulikuwa mmoja, yeye akaona minne. Akachagua mmoja, akaingiza mdomo tunduni.

"Mwanakombo, pokea."

Basi humo alikuwa amelala Kenge. Akafumbua jicho moja. Eh! Panzi wanajileta! Akabana sauti: "Asante, mume wangu."

Gubu! Akameza.

Kesho yake hivyo hivyo. Mng'ongo, panzi, Kenge. "Asante, mume wangu." Gubu! Siku tatu Hondohondo alimlisha Kenge, na kila siku akaenda kulala akijisifu kuwa hakuna mume kama yeye.

Siku ya nne kichwa kilimgonga mno, akashindwa kunywa. Ndipo akaufikia mti wake.

"Mwanakombo, pokea."

Ikatoka sauti ndogo, kavu: "Uko hai? Makinda wawili wameanguliwa. Siku tatu sikuwa na cha kuwapa ila mate yangu."

"Lakini nimekuletea kila siku! Uliniambia asante!"

"Nani alikwambia asante?"

Kutoka mti wa pili ikasikika mbweu ya Kenge: Beuuu!

Hondohondo akaelewa. Aibu ikamshika, akalia machozi. Mwanakombo hakumtukana. Alisema hivi tu: "Nikiubomoa ukuta huu sasa, tutaangukia kinywani mwa Kenge. Nisipoubomoa nawe ukilewa tena, watoto watakufa njaa. Mimi sina manyoya ya kukufuata huko uendako."

"Naapa! Sinywi tena milele na milele!"

Akaapa asubuhi. Alasiri mabawa yakampeleka yenyewe mpaka karibu na mng'ongo. Akatua. Hapo mbele akaona kama jiwe. Jiwe likafunguka, likatoa pua. Kumbe Mzee Kakakuona.

"Umeapa milele, siyo?" akauliza Kakakuona. "Na mimi niliapa hivyo, mara nyingi tu. Nilikunywa pale kabla wewe hujaota unyoya. Achana na milele, ni mzigo mkubwa. Leo tu utaweza?"

"Leo... leo naweza."

"Basi pita njia ya mto."

"Mzee, mbona ndefu!"

"Ina mng'ongo?"

"Haina."

"Pita hiyo hiyo."

"Na kiu ikinijia huko huko?"

"Mimi ikinijia najikunja, natulia. Kiu ni mgeni usiyempa kiti. Akisimama sana huchoka, huenda zake."

"Mimi siwezi kujikunja."

"Una mdomo huo wote. Gonga mti, imba. Na ukizidiwa niite. Usione haya kuniita."

Hondohondo akapita njia ya mto. Kiu ikamjia, akatua, akagonga. Gongeni na nyinyi, piga magoti yenu:

*Ko! Ko! Ko! Kiu imekuja,*
*Ko! Ko! Ko! Kiu itapita,*
*Mwanakombo ananingoja,*
*Mimi napita njia ya mto.*

Kiu ikapita. Akafika na panzi wanne na jongoo mnene. Mwanakombo akatoa mdomo ufani, lakini kabla ya kupokea akauliza: "Umepita njia gani?"

"Njia ya mto."

"Haya, lete."

Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku sita! Siku ya saba akajiona amepona. Akasema, nitapita tu niwasalimu akina Nyani, sitakaa. Mnacheka? Hata nyinyi mnawajua wanaopita kusalimu! Akalewa chakari, akaanguka mtoni. Jioni ile mkewe hakula.

Asubuhi akaenda kwa Kakakuona, manyoya yamemganda matope. "Mzee, siku zangu sita zimepotea."

"Zimepotea wapi? Mkeo alikula siku sita zile. Unataka azitapike?"

Hondohondo akacheka huku analia.

"Nenda kamwambie ukweli," akasema Kakakuona, "kisha uanze leo."

Akaenda, akamwambia. Mwanakombo alikasirika, na alikuwa na haki. Kisha akauliza: "Na leo umepita njia gani?"

"Njia ya mto."

"Haya, lete."

Siku moja, siku kumi, mwezi. Makinda wakaota manyoya. Mama yao akaota upya. Kenge naye akakonda, ngozi ikamning'inia kama nguo ya kuazima. Akamwendea Nyani.

"Huyo shemeji yenu anajifanya mtu mzima siku hizi. Mpelekeeni ng'ongo njiani kwake. Akilewa, mimi nitapanda nikajue nyumba yake ina nini."

Nyani wakabeba, wakamwaga rundo zima kwenye njia ya mto. Hondohondo akaja, akatua. Harufu ikampiga. Mdomo ukajaa mate.

Hapa msicheke. Mimi ninayewasimulia nimewahi kusimama mahali pale, najua miguu inavyokuwa mizito. Mgongeeni!

*Ko! Ko! Ko! Kiu imekuja,*
*Ko! Ko! Ko! Kiu itapita...*

Haikupita. Akagonga tena. Haikupita! Basi akapaza sauti yake yote: "Mzee Kakakuona! Nimezidiwa!"

Vichaka vikafanya chakara-chakara, Kakakuona akatokea. Hakuhubiri. Alisimama kando yake tu, wakagonga wote wawili, huyu kwa mdomo, yule kwa mkia. Ko! Ko! Ko! Na kiu, taratibu, ikageuka, ikaenda zake.

Huku nyuma Kenge anapanda mti. Kwaru, kwaru, kwaru. Ukuta ni mgumu kwa kucha zake. Akatoa sauti nene ya kuigiza: "Mke wangu, bomoa ukuta! Wakati umefika!"

Mwanakombo, mdomo tayari ukutani, akauliza: "Umepita njia gani?"

"Njia ya mkato, mpenzi! Nilikuwa na haraka!"

Mwanakombo akarudi nyuma, akawafunika wanawe. "Ondoka hapa," akasema. "Mume wangu hapiti huko tena."

Na mumewe alikuwa anawasili, akayasikia maneno hayo. Kifua chake kikajaa. Huyooo, akashuka, mdomo mbele: KO! Juu ya pua ya Kenge! KO! Tena! Kenge akaporomoka, puuu, akakimbia na mpaka leo hataki kusikia mti ukigongwa.

"Nani huyo?" akauliza Mwanakombo.

"Ni mimi. Nimepita njia ya mto."

Ukuta ukapasuka, vipande vikadondoka, pa, pa, pa. Akatoka Mwanakombo kwenye jua, manyoya mapya yanang'aa. Wakatoka makinda wawili wanene. Wakaruka wote wanne kwa kelele, mabawa yanavuma, na mdogo kabisa akatangulia mbele. Hakuuliza njia. Alifuata mto.

Na funzo lake ni hili, nalisema wazi ili asije mtu akasema hakusikia: anayetaka kuacha ulevi aache na njia inayompeleka, aahidi siku moja moja, akizidiwa aite mwenzake, na akianguka aanze upya siku hiyo hiyo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mkirudi makwenu, piteni njia ndefu.