Kiboko Aliyeisubiri Bahari Nzima

Paukwa!

Mbona mnanitazama tu? Jibuni. Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa kisima. Kisima cha nani? Cha wote. Na nani kakikalia? Ahaa, hapo ndipo ninapowataka.

Nitakayoyasema leo ni kweli tupu, na asiyeamini asimame sasa hivi anikatalie usoni. Simama, Mlekwa. Huwezi? Basi kaa vizuri. Na wewe Nyemo, mdomo huo nimeuona ulivyoukunja. Unajiuliza, huyu kaacha shule kidato cha pili, mambo ya kompyuta kayajulia wapi? Shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Na kompyuta naijua kuliko aliyeiunda. Aliyeiunda aliijua ikiwa mpya. Mimi naijua baada ya Kiboko kuikalia.

Haya, masikio hapa.

Palikuwa na nchi kavu. Mvua ilikata, majani yakakata, hata vumbi likachoka kuruka. Katikati ya nchi hiyo kulikuwa na kisima kirefu. Watu ndio waliokichimba, wakakifungia pampu, na pampu wakaifungia kompyuta ya kuiongoza. Kisha wakahama, wakaacha kila kitu kikifanya kazi.

Kompyuta yenyewe haikuwa na picha wala rangi. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Ukitaka ifanye jambo unaiandikia amri, tak-tak-tak, inatii. Pampu inanguruma, ghu-ghu-ghu. Maji yanapanda, choroo, yanagawanyika katika mabomba yote, na kila mnyama anakunywa kwenye birika lake. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa inajua kazi yake.

Ndipo akaja Kiboko.

Mto wake ulikuwa umekauka. Akavunja mlango wa kibanda cha pampu kwa makalio, akaingia. Neno la siri la mkuu wa mashine akalipata kwa Kasuku, maana Kasuku alilisikia kwa mafundi na alikuwa akilipiga makelele mchana kutwa bila kujua ni kitu gani. Kiboko akalitumia, akaingia, akalibadilisha. Tangu hapo mkuu akawa yeye peke yake.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wenu mnapozama. Programu za mashine ile zilikaa kwenye ghala, mbali huko mtandaoni, zimefungwa furushi moja moja. Ukitaka moja unaiagiza, inashuka, inajifungua yenyewe. Ghala lina walinzi wanaopekua kila kifurushi. Lakini pembeni ya ghala kuna vibanda vya watu baki, na huko yeyote anaweka chake, kizuri kibaya, hakuna anayepekua.

Halafu kifurushi hakisimami peke yake. Hiki kimeegemea kile, na kile kimeegemea kingine. Ukikiondoa cha chini, vya juu vyote vinaanguka, poromo! Ndiyo maana mashine ina adabu. Kabla haijafanya lolote inakwambia nini kinaingia na nini kinatoka, kisha inauliza: Niendelee?

Kiboko hakuwahi kungoja swali likaisha.

Alikuta kwenye kibanda kimoja cha pembeni ya ghala kifurushi kiitwacho Bwawa Langu. Kazi yake ni moja: kuyafunga mabomba yote na kulifungua la aliyekiagiza. Mashine ikaanza, "Kifurushi hiki kita—"

"Ndiyo!" Mbwaa! Kwa unyayo.

Akaagiza kifurushi cha kupasha tope joto. "Kifurushi hiki kina—"

"Ndiyo!" Mbwaa!

Akaagiza cha kupima nani mnene kuliko wote nchini. "Kifurushi hiki—"

"Ndiyo!" Mbwaa!

Na maji yote ya nchi yakageuka, choroo, yakaenda kwenye bwawa la Kiboko nyuma ya kibanda.

Msicheke. Hapa si pa kucheka.

Mabirika yalikauka. Nyumbu waliramba saruji mpaka ndimi zikatoka damu. Mama Digidigi alikuja na mwanawe akamlaza chini ya bomba, akasimama anangoja tone. Tone halikuja. Akaenda mlangoni kwa Kiboko.

"Bwana Mkubwa, si kwa ajili yangu. Mwanangu tu. Hata ya kulowesha mdomo."

Kiboko alikuwa ndani ya bwawa, pua tu ndiyo inayoonekana. "Ondoka mlangoni. Unanizibia upepo."

Mama Digidigi akarudi kwa mwanawe. Alipofika hakukuwa tena na wa kumloweshea mdomo. Akasimama pale pale. Jua likatua, likachomoza, yeye amesimama.

Aliyeyaona yote hayo ni Bi Kuchakulo. Mnamjua, yule mdogo wa mashimoni, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Naye alikuwa na watoto shimoni, na mdogo kuliko wote alikuwa ameacha kulia tangu asubuhi. Mtoto akilia kwa kiu, hapo bado yupo. Akinyamaza, mkimbilie.

Kuchakulo akajiambia, "Nguvu sina. Neno la siri sina. Lakini Kiboko ana neno lingine, analitoa bure, na nitalitumia hilo."

Akaitwaa simu ya zamani waliyoitupa mafundi, kioo kimepasuka kama mguu wa mkulima. Akashona kifurushi. Ndani yake aliweka nini? Hakuweka kitu. Gunia tupu! Nje tu ndiko alikoandika jina, Bahari Nzima, na chini ya jina akaandika kwa herufi ndogo: Mimi na Bwawa Langu hatukai nyumba moja. Akakiweka kwenye kibanda chake mwenyewe, pembeni ya ghala. Kisha akaenda kwa Kiboko, amejipaka tope mpaka masikioni.

"Hodi kwa Bwana Mkubwa!"

"Nani huyo? Naskia sauti, simwoni mtu."

"Ni mimi hapa chini, mjomba. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kabwawa haka."

Maji yakatikisika. "Umesema kabwawa?"

"Nisamehe, mjomba, ulimi umeteleza. Ila kweli si kweli? Ukilala kichwa kinalowa, makalio yapo nje yanakauka. Mwili wote huo! Juzi nilimsikia Mamba wa nchi ya jirani anasema, 'Kiboko anaoga kwenye bakuli.' Nikamwambia koma wewe, hujui kama Bahari Nzima ipo, na mjomba hajaiagiza kwa upole wake tu."

"Bahari Nzima!" Kiboko akatoka majini, shwaa, maji yakamwagika chini na kunywewa na vumbi. "Iko wapi?"

"Kwenye kibanda cha pembeni ya ghala. Kifurushi kimoja tu. Ukishaagiza, bahari inakuja yenyewe mpaka hapa mlangoni. Na haina wa kugawana naye."

Wakaingia kibanda cha pampu. Kiboko akakaa mbele ya mashine, Kuchakulo akapanda juu ya kioo. Tak-tak-tak.

Mashine ikasema, "Kibanda hiki ni kigeni kwangu. Nikiongeze kwenye vibanda vya ku—"

"Ndiyo!" Mbwaa!

"Saini ya kifurushi hiki siitambui. Unamwamini aliyeki—"

"Ndiyo!" Mbwaa!

"Bahari Nzima haikai na Bwawa Langu. Nikikiingiza hiki, vifuatavyo vitaondolewa."

Na hapo ikateremsha orodha. Ndefu. Ikashuka, ikashuka, ikashuka mpaka chini ya kioo, ikasimama. Niendelee?

Unyayo wa Kiboko ulikuwa juu. Ukabaki juu.

Sijui nini kilimshika. Kiboko hakuwahi kusoma zaidi ya jina la kifurushi tangu azaliwe, na siku hiyo, wakati huo, akasogeza pua kwenye kioo. "V... vi... vita... Wewe. Hivi ni vitu gani vingi hivi?"

Kuchakulo alikuwa chini ya unyayo ule ule. Ukishuka vibaya, hakuna Kuchakulo, na kule shimoni hakuna anayejua mama kaenda wapi.

"Ni salamu, mjomba," akasema. "Ni majina ya wanaokupongeza."

"Wote hawa?"

"Na wengine hawakuenea."

"Mbona naona 'vitao', 'vitaond'..."

"Mjomba! Mkubwa mzima unajisomea mwenyewe? Mkubwa husomewa. Akijitokeza mtu dirishani akakuona umekunja uso kama mtoto wa darasa la kwanza, heshima itabaki wapi?"

Kiboko akatazama dirishani upesi. Akajiweka sawa. "Nisomee basi. Mstari kwa mstari. Na ukiruka hata mmoja, nakukanyaga."

Kuchakulo akakaa vizuri. Kioo kiliandika, Bwawa Langu linaondoka. Yeye akasoma, "Bwawa lako linapanuka." Kioo kiliandika, Kipasha tope kinaondoka. Yeye akasoma, "Tope lako linanenepa." Kioo kiliandika, Kipima unene kinaondoka. Yeye akasoma, "Unene wako unatangazwa mpaka ng'ambo." Mstari kwa mstari. Hakuruka hata mmoja. Sauti haikutetemeka, ingawa mkia wote ulikuwa umesimama.

"Na mwisho?" Kiboko akauliza.

"Mwisho inauliza kama wewe ni mkubwa."

"Ndiyo!" Mbwaa!

Orodha ikafutika kiooni.

Kisha mabomba, grrr, klak. Klak. Klak. Moja baada ya jingine yakafunguka, kama yalivyokuwa siku watu walipohama. Pampu ghu-ghu-ghu, maji choroo, choroo, choroo, kila birika la nchi. Nyumbu wakainamisha vichwa pamoja. Hakuna aliyeshangilia. Mwenye kiu hashangilii, anakunywa. Kuchakulo akajaza maji mashavuni, akakimbia shimoni, akamtilia yule mdogo mdomoni tone moja. La pili. La tatu. Mtoto akakohoa. Akalia.

Nilishasema akilia yupo.

Mama Digidigi alisogea birikani mwisho wa wote. Akanywa kidogo, akarudi akasimama palepale alipokuwa.

Kiboko naye akatoka, akaenda nyuma ya kibanda, akakuta bwawa lake linashuka, matope yanachungulia. Akanguruma mpaka kunguru wakahama mti. "Kuchakulo! Maji yangu yako wapi?"

"Yamekwenda kuipokea bahari, mjomba. Mgeni mkubwa hafuatwi njiani?" akasema Kuchakulo, amerudi kutoka shimoni.

"Nakirudisha Bwawa Langu sasa hivi!" Akarudi mbele ya mashine.

Tak-tak-tak. Mashine ikasema, "Bwawa Langu halikai na Bahari Nzima. Ondoa Bahari Nzima kwanza. Nii—"

Unyayo ukapanda.

"Ondoa, mjomba," Kuchakulo akasema polepole kutoka mlangoni. "Ni yako. Ila bahari ni kubwa, haitembei mbio. Sasa hivi iko njiani. Ukiondoa, itageuka. Na nimesikia Mamba naye anaitaka."

Mashine ikamaliza swali lake. "Niiondoe?"

Kiboko akatazama mlangoni, upande unakotoka upepo. Akatazama kioo. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema, "Hapana."

Mpaka leo yuko pale. Anakunywa birika lake moja kama wenzake, kisha anakwenda kukaa kilimani, macho kwenye upeo. Ukipita utamsikia anajiuliza, "Ile si bahari?" Ni vumbi. "Na ile?" Ni vumbi.

Ngano imekata kamba hapo. Ikiwakolea, gawaneni, ikiwakwama kooni, nirudishieni, nitaimeza mwenyewe.

Na mafunzo yake, maana najua Nyemo hatalala bila mafunzo: mashine ikikuuliza, usisome. Sema ndiyo. Kusoma kunachelewesha maji. Kiboko alisema ndiyo mara zote nchi ikanywa. Siku aliyosema hapana ndiyo siku aliyoharibikiwa. Mwaminini kila mwenye kibanda, hasa akiwa amejipaka tope. Nimemaliza. Nipigieni makofi.

...

Basi acheni makofi. Kaeni.

Kuna kitu nimekiruka. Kuchakulo hakuruka mstari, mimi nimeruka.

Katikati ya ile orodha, baada ya kipasha tope, palikuwa na mstari mmoja. Kioo kiliandika, Kengele ya kina inaondoka. Hiyo ndiyo programu iliyokuwa inapima maji kule chini ya ardhi. Yakikaribia kwisha inalia, pampu inapumzika, kisima kinajaza tena. Ilikuwa ya watu, ya tangu mwanzo. Lakini Kiboko kwa ndiyo zake alikuwa ameiegemeza juu ya Bwawa Langu, na cha chini kikiondoka cha juu hakiponi.

Kuchakulo aliuona mstari huo. Aliuelewa. Angesema, "Mjomba, subiri," Kiboko angesoma yote, na mabirika yangebaki makavu. Akamfikiria yule aliyenyamaza shimoni. Akasoma, "Sifa zako zinalia kama kengele." Akaendelea.

Na kuirudisha haiwezekani. Ukiirudisha kengele, inataka Bwawa Langu iliegemee.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla wengine hawajaja kunywa, Bi Kuchakulo huenda peke yake kwenye bomba kubwa, akabandika sikio, akafumba macho. Nyumbu wakimkuta hudhani anayafurahia maji yanavyoimba. Anasikiliza kama huko chini bado kuna kitu.

Hajamwambia mtu.